Mara nane kwa mwaka: kisa cha mafindofindo ya mtoto wa Mikanjuni, Tanga

Mtoto ni wa kike, ana miaka 7 na uzito wa kilo 22. Anaishi Mikanjuni, jijini Tanga, kwa bibi yake, na analala mkeka mmoja na kaka zake wawili. Aliletwa akiwa mzima kabisa, hana homa, anacheza na kamba ya pazia la chumba cha daktari. Rufaa aliyokuja nayo ilikuwa ya kukatwa mafindo, na ilieleza yote kwa sentensi moja: mafindofindo sugu, mara nane kwa mwaka, ASO (kipimo cha damu) chanya, bakteria sugu kwa dawa.

Bibi alikuwa ameshakubali upasuaji. Alichotaka kujua ni tarehe na gharama.

Kila neno la rufaa ile lilikuwa na karatasi nyuma yake, na faili lilikuwa nene. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuandikwa. Tulipozisoma karatasi hizo moja moja, hatukupata hata moja iliyothibitisha kwamba mafindo ya mtoto huyu yana ugonjwa sugu wa bakteria. Zilithibitisha mambo mengine, na yote yalikuwa ya kweli.

Maelezo ya bibi

"Mwanangu, huyu mwezi haupiti bila koo. Barafu ndizo zinamponza, wanaziuza pale getini shuleni. Nimemkataza, nimemgombeza, wapi! Tangu mchanga yuko hivi. Tulimkata kimeo akiwa hajatembea, jirani yangu anasema kimeota tena, ndiyo maana."

Nimeyaandika hivi yalivyo kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo daktari akiyapuuza mgonjwa harudi. La barafu ni jepesi. Barafu ya ubuyu haileti bakteria wa mafindofindo, na watoto tunaowakata mafindo huwa tunawashauri wapewe vitu vya baridi baada ya upasuaji ili maumivu yapungue. Bibi alicheka sana aliposikia hilo, kisha akaniuliza kama nina hakika.

La kimeo ni zito zaidi. Pwani yetu bado kuna wazee wanaokata vimeo vya watoto wachanga kwa kikohozi, kutapika au koo lisilopona. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati nyuma ya kinywa, nayo mafindo ni yale matezi mawili ya pembeni, kulia na kushoto. Kukata cha kati hakugusi ugonjwa wa pembeni. Kunachoweza kuleta ni kutoka damu nyingi, usaha na pepopunda, na tumewahi kupokea watoto wa namna hiyo wakiwa wamechelewa. Kinywani mwa mtoto huyu kulikuwa na kisiki kidogo tu pale kimeo kilipokuwa. Hakijaota chochote. Nilimwonyesha bibi kwa tochi, na safari ya kwenda kukata mara ya pili ikaishia hapo.

Tulichokiona

Mafindo yote mawili yalikuwa makubwa, daraja la 3 katika 4, maana yake yameziba zaidi ya nusu ya nafasi iliyopo kati yao, ila hayajafika robo tatu. Juu yake kulikuwa na chembe chache nyeupe zenye harufu. Hizi huwatisha wazazi, na wakati mwingine hata watabibu huziandika kama usaha. Si usaha. Ni seli zilizokufa, mabaki ya chakula na bakteria vilivyogandamana kwenye vishimo vya findo, na mtoto mzima anaweza kuwa nazo. Matezi ya shingo yalikuwa madogo na hayaumi. Mapigo ya moyo safi, viungo haviumi wala havijawahi kuvimba, kadi ya kliniki ina chanjo zote tatu za wiki ya 6, 10 na 14. Hiyo kadi naiangalia kila mara kwa ajili ya dondakoo, ambayo nayo huweka utando koo zima na haifai kusahauliwa.

Anakoroma usiku. Pumzi hazikatiki, bibi alisema hivyo, na kaka mkubwa anayelala naye alisema hivyo pia.

Mara nane ni zipi?

Kigezo kinachotumika sana kuamua nani akatwe mafindo kwa sababu ya maambukizi yanayojirudia kilitokana na utafiti wa James Paradise na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 1984. Mtoto awe ameugua mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa mitatu. Ukisoma hapo tu, mtoto wetu anapita, kwani nane ni zaidi ya saba. Lakini kigezo hakiishii hapo. Kila ugonjwa unaohesabiwa lazima uwe umeandikwa una angalau kimoja kati ya hivi: joto la nyuzi 38.3 au zaidi, matezi ya shingo yaliyovimba na kuuma, usaha kwenye mafindo, au kipimo kilichoonyesha bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A.

Tukafungua faili. Mara tatu kulikuwa na homa kali, usaha, matezi, bila kikohozi. Mara nyingine tatu kilichoandikwa ni mafua, kikohozi, sauti imekauka, joto halijafika 38. Mara moja kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya na koo "jekundu kidogo". Mara ya nane daftari lilikuwa na jina la ugonjwa na jina la dawa tu, hakuna hata neno moja kuhusu koo.

Nane zikawa tatu. Kwa mtoto wa darasa la pili anayelala na kaka wawili wanaosoma, koo la bakteria mara tatu kwa mwaka linachosha, lakini halitoshi kumpeleka kwenye kisu.

Tarehe za homa nazo tuliziangalia, maana kuna ugonjwa mmoja wa watoto ambao homa na koo hurudi kwa kufuata kalenda, kila baada ya wiki 3 hadi 6, na vipimo vya kutafuta bakteria kooni vinakuwa safi. Tarehe zake hazikuwa na mpangilio wowote. Tukaliacha hilo.

ASO chanya

Faili lilikuwa na vipimo viwili vya ASO vilivyopishana miezi kadhaa, vyote vikiwa 400. Kila baada ya jibu hilo mtoto alipewa dawa.

Kipimo hiki hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya sumu moja ya streptokoka. Huanza kupanda baada ya wiki moja hivi, hufika kilele wiki ya 3 hadi ya 6, kisha hushuka polepole kwa miezi. Mtoto wa umri wa shule katika mji kama wetu, anayekutana na streptokoka darasani na nyumbani, anaweza kutembea na kiwango cha juu ya 200 wakati koo lake halina shida yoyote. Kazi yake halisi ni pale unapohofia homa ya rumatiki, ile inayoweza kuharibu moyo, au ugonjwa wa figo unaofuata baada ya koo, ukitaka ushahidi kwamba streptokoka alipita siku za nyuma. Kukitumia kuamua kama koo la leo linahitaji dawa ni kuuliza swali la leo na kupokea jibu la mwezi uliopita. Mtu akiniuliza kipimo gani kinawalisha watoto wa Kitanzania dawa wasizohitaji kwa ajili ya koo, nitakitaja hiki bila kusita. Hatukukirudia, kwa sababu jibu lolote ambalo lingetoka lisingebadilisha uamuzi wetu.

Bakteria sugu kwa dawa

Karatasi ya tatu ndiyo iliyokuwa na uzito, na ndiyo inayohitaji kusomwa taratibu. Swabu ya koo, yaani kijiti cha pamba kilichosuguliwa kooni, iliyooteshwa maabara ilitoa Staphylococcus aureus kwa wingi, sugu kwa penisilini na ampisilini. Kutokana na jibu hilo mtoto aliandikiwa siprofloksasini.

Swabu ilichukuliwa lini? Tarehe zilionyesha kwamba ilichukuliwa siku ya tatu ya amoksilini, dawa iliyonunuliwa duka la dawa muhimu la mtaani. Hapo karatasi inabadilika maana. Streptococcus pyogenes, yule wa kundi A anayesababisha sehemu kubwa ya mafindofindo ya bakteria kwa watoto, bado anasikia penisilini, baada ya miaka zaidi ya 80 ya dawa hiyo. Siku tatu za amoksilini zinatosha kumfagia kutoka juu ya findo. Staphylococcus aureus wengi hutengeneza kimeng'enya kiitwacho betalaktamasi kinachovunja penisilini, kwa hiyo yeye hubaki. Sahani ya kuoteshea bakteria ilionyesha aliyenusurika, na aliyenusurika akaandikwa kuwa mkosaji. Tena huyu huishi puani na kooni mwa watoto wengi wazima bila kuwadhuru.

Siprofloksasini nayo ilikuwa bahati mbaya juu ya bahati mbaya, kwani ni dhaifu dhidi ya streptokoka. Kama bakteria wa kundi A ndiye aliyekuwa tatizo, mtoto alitolewa kwenye dawa inayomuua akapelekwa kwenye dawa asiyoijali.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani Staphylococcus si kitu. Findo lina vishimo 10 hadi 30 vinavyoingia ndani na kujipinda kama mapango ya Amboni, ukisimama mlangoni na tochi humwoni aliye ndani. Tafiti zilizolinganisha swabu ya juu na nyama ya katikati ya findo lililokwisha kukatwa zimeonyesha mara nyingi kwamba majibu hayafanani. Ndani hupatikana zaidi Staphylococcus aureus na Haemophilus influenzae, pamoja na bakteria wasiotaka hewa kama Prevotella na Fusobacterium, ambao sahani ya kawaida ya maabara haiwezi kabisa kuwaotesha. Wengine hukaa ndani ya seli zenyewe, au hujijengea utando unaozuia dawa isiwafikie. Picha za utando huo kwenye mafindo zilichapishwa mwaka 2003. Na wale wenye betalaktamasi wanaweza kumkinga jirani: wanaivunja penisilini kabla haijamfikia streptokoka wa kundi A, naye anaendelea kuishi ingawa kwenye sahani peke yake angekufa. Hii ni sababu mojawapo ya mtoto kumaliza dozi kamili kisha kuugua tena wiki chache baadaye. Hapo ndipo amoksilini yenye klavulaneti au klindamisini zinapopata nafasi. Kwa mtoto wetu hatukuwa na ushahidi kwamba aliwahi kumaliza hata dozi moja.

Kwa hiyo swabu ya juu haitoi picha yote. Lakini swabu ya juu iliyochukuliwa katikati ya dawa inatoa picha ya uongo, na hilo ni baya zaidi.

Jinsi tulivyoanza upya

Tulimwomba bibi jambo moja gumu: mtoto akipata homa na koo, amlete siku hiyohiyo au kesho yake, kabla ya dawa yoyote isipokuwa parasetamoli. Ni gumu kwa sababu duka la dawa liko hatua chache na kliniki inataka bodaboda. Kaka mkubwa, anayesoma darasa la sita, alikabidhiwa daftari la kuandika kila mara dada anapougua: homa, kikohozi, mafua, amekula au hajala. Aliandika vizuri kuliko mafaili mengi niliyowahi kuyasoma. Maandishi yake ya kwanza: "Koo, kichwa, moto sana. Kikohozi hapana. Chai tu."

Ilichukua kama wiki sita. Joto 38.9, mafindo mekundu yenye usaha, matezi ya mbele ya shingo yameuma alipoguswa, hakuna kikohozi wala mafua. Kaka wa kati naye alikuwa na koo wiki ileile. Swabu ilisuguliwa kwenye mafindo yote mawili na ukuta wa nyuma wa koo, bila kugusa ulimi wala mashavu. Hili linachukua sekunde chache na mtoto anataka kutapika; wengi huishia kusugua ulimi, halafu maabara inalaumiwa.

Kuna jambo la maabara ambalo watabibu huwa hatuliulizi. Sahani ya damu inayofaa hutengenezwa kwa damu ya kondoo, asilimia 5. Katika maabara nyingi za Afrika hutumika damu ya binadamu iliyokwisha muda wake benki ya damu, kwa sababu ndiyo iliyopo. Damu hiyo inaweza kuwa na kingamwili na hata masalia ya dawa yanayozuia streptokoka kuota, na ule uwazi unaozunguka kundi la bakteria pale damu inapoyeyuka hausomeki vizuri. Maabara tuliyoitumia ilikuwa na damu ya kondoo. Mtaalamu alidunga agari, ile jeli ya kwenye sahani, kwa kitanzi sehemu chache ili bakteria wengine waote chini, penye hewa kidogo, ambako mojawapo ya sumu zao hufanya kazi vizuri zaidi. Sahani ilisomwa baada ya saa 24 na tena baada ya 48.

Jibu: vikundi vidogo vya bakteria vyenye duara safi, vinavyozuiwa na kijikaratasi chenye dawa ya basitrasini, kipimo cha kimeng'enya cha PYR chanya, na kipimo cha makundi ya Lancefield kikasema A. Makundi hayo ya streptokoka yalipangwa na Rebecca Lancefield mwaka 1933, na bado tunayatumia.

Dawa ilianza siku ya swabu, baada ya swabu: amoksilini miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku 10. Homa iliisha siku ya pili. Siku ya tano bibi alitaka kuacha kwa kuwa mtoto anaruka kamba. Nilimweleza kwa nini asiache. Siku 10 zina kazi ya kumwondoa bakteria, kwa sababu kinachotutia hofu zaidi ni homa ya rumatiki, ambayo huja wiki 2 hadi 3 baadaye na kuacha vali za moyo zimeharibika. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze, bado inaikinga. Kwa familia isiyoweza kumaliza siku 10, sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti 600,000 kwa mtoto wa chini ya kilo 27, inamaliza ubishi. Bibi alichagua vidonge na akavimaliza.

Sahani mbili zilizofuata

Kwa kawaida hatupimi koo la mtoto aliyepona. Hapa tulipima, kwa kuwa swali lilikuwa kama ana bakteria siku zote. Wiki tatu baada ya dozi, akiwa mzima, swabu ilitoa kundi A tena, kidogo.

Miezi miwili baadaye alikuja na mafua, kikohozi, macho mekundu, sauti imekwama, joto 37.8. Kwa dalili hizo mtoto yeyote mwingine nisingemchukulia swabu. Yake ilitoa kundi A kwa mara nyingine. Hatukumpa kiuavijasumu chochote. Alipewa parasetamoli na maji ya kunywa ya kutosha, na siku ya nne daftari la kaka likaandika: "Kaenda shule."

Ukiziweka sahani hizo pamoja, mtoto huyu ni mbebaji. Streptokoka wa kundi A anakaa kooni mwake kwa miezi bila kumdhuru, na virusi vya kawaida vya watoto vinapopita, anayepima humkuta bakteria na kumtwika ugonjwa wa virusi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kundi A kwa watoto 37 kati ya 100 wenye koo linalouma, na kwa watoto 12 kati ya 100 wasio na ugonjwa wowote. Ukimpima mbebaji kila anapokohoa, kila mara utapata chanya, na baada ya mwaka utakuwa na faili nene kama lile aliloletwa nalo.

Mbebaji ana hatari ndogo ya kupata homa ya rumatiki na ni nadra kuwaambukiza wengine, kwa hiyo hatukumpa dawa ya kumsafisha. Angekuwa na ndugu nyumbani aliyewahi kuugua homa ya rumatiki, ningetumia klindamisini siku 10. Tuliuliza, hakuna.

Ubebaji haumkingi na ugonjwa halisi. Ule wa homa ya 38.9 ulikuwa halisi: hakuna dalili za virusi, ndugu mgonjwa wiki ileile, na nafuu ya haraka ndani ya dawa. Hakuna sahani inayoweza peke yake kutenganisha hali hizo mbili. Dalili ndizo zinazoamua nani apimwe, na kama dalili ni za mafua, kijiti cha swabu kibaki kwenye pakiti yake.

Ilipofikia

Katika miezi 12 iliyofuata daftari lilikuwa na magonjwa ya koo sita. Mawili tu, tukihesabu na lile la kwanza, yalikuwa na dalili za bakteria na sahani iliyokubali. Dozi ya siku 10 ilitosha mara zote mbili. Manne yalikuwa mafua. Hilo halikutushangaza, kwa kuwa hata katika utafiti wa 1984 watoto wengi ambao hawakukatwa waliugua kidogo miaka iliyofuata, na mara nyingi kwa wepesi.

Jina lake limeondolewa kwenye orodha ya upasuaji. Kipimo cha selimundu kilifanyika mapema, kikawa hasi, ili jibu liwepo likihitajika kwa upasuaji. Usaha ukijikusanya pembeni mwa findo, au hesabu ikifika saba za kweli, tutazungumza upya. Na usiku akianza kukatika pumzi, hatutasubiri hesabu wala sahani: hapo ukubwa wa mafindo ndio ugonjwa wenyewe, awe na bakteria gani.